Maswali ya Wasomaji: Kikwete na kombati aliyoivua mwaka 1992

Barua za mwezi huu nimezipanga mezani tangu Jumatatu na nyingi zinazunguka jambo moja: wanajeshi walioingia kwenye siasa. Nimechagua nne. Barua za mirathi na za mipaka ya viwanja nitazijibu toleo lijalo, wenyewe mnisamehe.

SWALI: Shikamoo mama. Hapa kijiweni tumebishana karibu tupigane. Mimi nasema Rais mstaafu Jakaya Kikwete alikuwa mwanajeshi kamili, Luteni Kanali. Mwenzangu, fundi pikipiki, anasema hicho kilikuwa cheo cha kupewa tu kwa sababu alikuwa mtu wa chama, jeshi lenyewe hakulijua. Tumewekeana soda. Nani kashinda? (Msomaji, Kahama)

Marahaba mwanangu. Soda ni yako, lakini mpe mwenzako nusu, kwa sababu kuna kitu amekigusa bila kukijua.

Kikwete alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Alipitia mafunzo ya uofisa katika miaka ya 1970, akarudi tena Chuo cha Maofisa cha Monduli kwa kozi ya makamanda wa kombania mwaka 1983 hadi 1984, na alipomaliza akabakizwa hapohapo chuoni. Cheo alichostaafu nacho mwaka 1992, Luteni Kanali, hakigawiwi kama kanga za kampeni. Unaanza Luteni Usu, unakuja Luteni, Kapteni, Meja, ndipo ukifike. Kwa kawaida mwenye cheo hicho ndiye anayekabidhiwa kikosi kizima.

Sasa nusu ya mwenzako. Kazi ya Kikwete pale Monduli, kati ya 1984 na 1986, ilikuwa mkufunzi mkuu wa siasa na kamisaa wa siasa, yaani ofisa anayewafundisha askari siasa ya chama. Ninyi mliozaliwa baada ya vyama vingi mkisikia hivyo mnadhani ni mwanasiasa aliyejipenyeza kambini. Sivyo. Ilikuwa kazi ya kijeshi, yenye nafasi yake katika muundo wa jeshi, na aliyeifanya alivaa kombati na kupigiwa saluti kama ofisa mwingine yeyote.

Ili unielewe lazima nikurudishe nyuma kidogo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo. Walidai mishahara, na walidai maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu ikabidi ajifiche kwa siku kadhaa, na mwishowe maasi yakazimwa na wanajeshi wa Uingereza, hao hao tuliokuwa tumewaaga mwaka 1961. Hebu fikiria fedheha ile kwa nchi changa. Jeshi lile likavunjwa. Lilipoundwa jipya, tarehe 1 Septemba 1964, wengi wa walioandikishwa walitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Uamuzi ulikuwa huu: askari asiyejua anailinda nchi ya nani na kwa siasa gani ni hatari kuliko adui wa nje. Basi chama kikaingia kambini, kikafungua matawi, na majeshi yakahesabiwa kama mkoa wa chama. Ofisa kuwa na kadi ya chama halikuwa jambo la siri wala la aibu. Ilitarajiwa awe nayo.

Haya sikuyasoma tu. Mwaka 1985 nilikuwa Mafinga, JKT, kwa mujibu wa sheria, kama vijana wote waliomaliza kidato cha sita wakati ule. Mafinga ni baridi. Tulikuwa tunaamshwa mahangani kungali giza, mchakamchaka, kisha gwaride, kisha fatiki za shambani, na ikifika saa nane mchana mwili hautaki kitu ila kulala. Hiyo ndiyo saa aliyokuja afande wa siasa. Luteni mmoja mwembamba, viatu vyake vinang'aa mpaka unaona mawingu, ubao ameuegemeza kwenye mkaratusi. Alikuwa hapigi kelele kama maafande wa gwaride. Alikuwa anauliza. "Jeshi ni la nani?" Tunajibu kwa sauti moja: "La wananchi!" Anasubiri kidogo. "Na wananchi wameunganishwa na nini?" Hapo tunajua jibu analolitaka: "Na chama!" Anageuka, anaandika ubaoni, chaki inalia.

Kuna kuruta mwenzetu, binti wa Bukoba, siku moja alinyoosha mkono akauliza, na je, chama kikikosea, jeshi lifanye nini? Tukashika pumzi wote. Yule luteni hakumfokea. Alifikiri, akasema swali hilo waulizwe wakubwa, akafuta ubao. Kwa miaka mingi nimeendelea kulifikiria lile swali, na nchi yenyewe ilikuja kulijibu mwaka 1992, nitafika huko.

Ninachotaka mkione ni kwamba maofisa kama yule luteni walifundishwa mahali, na chuo kikubwa cha kazi hiyo kilikuwa Monduli. Mtu aliyekuwa juu ya somo la siasa Monduli katikati ya miaka ya 1980 hakuwa pembeni ya jeshi. Alikuwa kwenye moyo wake, kwa jinsi jeshi lilivyokuwa wakati ule.

Tazama na safari yake. Alimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, shahada ya uchumi, akaenda kufanya kazi ya TANU Singida. CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 akapelekwa Zanzibar kusaidia kukijenga chama kipya. Baadaye Tabora, kazi ya chama tena. Kisha Monduli, kombati. Mwaka 1986 anatoka Monduli kwenda Nachingwea, chama. Halafu Masasi, katibu wa chama wa wilaya. Leo ukimwona mtu anahama hivyo utasema hana msimamo. Enzi zile ulikuwa utumishi mmoja wenye sare mbili, na mtu alipangiwa, hakuomba. Kwa hiyo ninyi wawili mnabishania mpaka ambao wakati ule haukuwapo. Kunyweni soda.

SWALI: Kaka yangu ni askari wa JWTZ, bado yuko kazini, na kijijini wazee wanamtaka agombee udiwani. Anaweza kuchukua fomu kwanza halafu akipita ndiyo aache jeshi? (Dada mtu, Tunduru)

Hapana, dada. Asiguse hiyo fomu akiwa bado jeshini. Ibara ya 147 ya Katiba inasema ni marufuku kwa mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, isipokuwa ana haki ya kupiga kura. Na kwa kuwa kugombea kwetu ni lazima uwe mwanachama wa chama na upendekezwe nacho, njia imefungwa. Katazo halihusu JWTZ peke yake. Ibara hiyo inawataja pia Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa.

Aombe kuacha au kustaafu kwa utaratibu wa jeshi, apate barua yake mkononi, ndipo aende ofisi ya chama anachokipenda. Wazee wa kijiji waambieni wasubiri. Wakimtaka kweli watamsubiri.

SWALI: Mama, umewahi kuandika kwamba mwaka 1992 maofisa "walichagua". Walichagua nini? Na zaidi ya Kikwete ni akina nani? (Mwalimu wa uraia, Newala)

Mwalimu mwenzangu, swali hili nalipenda kwa sababu mwaka huo umesahauliwa vibaya. Wanafunzi wanaukumbuka kwa jambo moja tu, vyama vingi, na hata hilo wanalikariri bila kuona lilivyogusa watu.

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991 kuuliza wananchi. Asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni walitaka tubaki na chama kimoja, na asilimia 20 walitaka vingi. Tume ikashauri tuwasikilize hao 20, na chama kilichokuwa madarakani kikakubali. Mimi nahesabu hilo kati ya mambo makubwa tuliyofanya kama taifa. Mabadiliko ya Katiba yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992.

Sasa fikiria wewe ni kanali. Jana yake una kadi ya CCM mfukoni na pengine una cheo katika chama, na hakuna aliyeona ubaya. Leo nchi ina vyama vingi, na jeshi haliwezi kuwa tawi la kimoja. Matawi ya kambini yakafungwa. Aliyekuwa na mguu huku na mguu kule akatakiwa autoe mmoja. Ukibaki na kombati, siasa basi. Ukibaki na siasa, rudisha kombati.

Wengi, tena wengi sana, walibaki na kombati na hatujui majina yao, wakamaliza utumishi wao kimya kimya. Hao nao walichagua, na wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Waliochagua siasa ndio mnaowajua. Kikwete, wakati huo tayari ni waziri, akastaafu jeshi akiwa Luteni Kanali. Abdulrahman Kinana akastaafu mwaka huo huo akiwa Kanali, baada ya miaka kama 20 ya sare. Alikuwa mbunge wa Arusha, akawahi kuwa Naibu Waziri wa Mambo ya Nje na Waziri wa Ulinzi, kisha mwaka 2001 akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha. Mwaka 2012 akawa Katibu Mkuu wa CCM. Vijana wengi wanamjua kwa picha za miaka hiyo, kanali mtu mzima anazunguka mikoani, anashika jembe, anabeba matofali na wanakijiji.

Wapo na wengine waliokuja kushika wizara wakiwa na vyeo vyao vya zamani mbele ya majina: Brigedia Jenerali Hassan Ngwilizi wa Mlalo, Kapteni John Chiligati wa Manyoni, Kapteni George Mkuchika wa Newala, huko kwako. Huyo wa mwisho wazazi wa wanafunzi wako watakuwa na habari zake nyingi kuliko mimi.

Darasani uwaambie watoto kwamba mpaka kati ya kambi na chama hatukuzaliwa nao. Uliwekwa, kwa tarehe inayojulikana, na watu waliokuwa hai wakaombwa wachague upande. Yule binti wa Bukoba angekuwa nchi nyingine, na wakati mwingine, swali lake lingejibiwa kwa risasi. Kwetu lilijibiwa kwa ibara ya Katiba na barua za kustaafu. Ninalisema hili kwa uchungu na kwa shukrani pamoja, maana tumepakana na nchi ambazo jibu lilikuja kwa njia ile nyingine.

SWALI: Watu wakimtaja Kikwete wanaanzia Ikulu 2005. Mimi nataka kujua alikuwa waziri wa namna gani. Miaka 17 serikalini kabla ya urais si michache. Wewe uliyeyaona, wizara ipi ilimkomaza? (Mstaafu wa Reli, Tabora)

Mzee wangu, shikamoo. Umehesabu sawasawa. Rais Mwinyi alimteua kuwa mbunge na Naibu Waziri wa Nishati na Madini Novemba 1988, akiwa katibu wa chama Masasi. Kutoka Masasi moja kwa moja hadi wizarani. Wenzetu wa kusini walifurahi kana kwamba ni mtoto wao, japo yeye ni Mkwere wa Msoga, Bagamoyo. Miaka miwili baadaye akawa waziri kamili: Maji, Nishati na Madini, vyote vitatu mezani pake.

Wizara hiyo ilikuwa mzigo. Umeme wetu karibu wote ulitegemea mabwawa, na mvua zilipogoma katika miaka ile ya mwanzo ya 1990, Mtera ikashuka na mgao ukaja. Mimi nilikuwa ripota mchanga wa gazeti hapa Dar es Salaam. Tulikuwa tunaandika habari kwa mshumaa, tunazipeleka kiwandani kwa miguu, tunangoja umeme urudi ndipo mtambo uchape. Niliwahi kumwona katika mkutano mmoja na waandishi wakati huo. Aliingia na karatasi chache tu, akatabasamu, akaketi, akaeleza kina cha maji ya bwawa kama mwalimu anayechora ubaoni. Tuliuliza kwa hasira, maana nasi majumbani tulikuwa gizani. Alisikiliza kila swali hadi mwisho kabla hajajibu. Nikamkumbuka yule luteni wa Mafinga. Ndipo nilipoelewa kwamba ukamisaa wa siasa ulikuwa mafunzo ya kusimama mbele ya watu waliochoka na kuzungumza nao bila kuwafokea. Ustadi huo ni wa kweli. Lakini haujazi bwawa, na wananchi walikuwa na haki ya kukasirika. Namsifu kwa namna alivyosimama mbele yetu, siwezi kumsifu kwa mgao.

Desemba 1994 akahamishiwa Fedha, umri miaka 44. Mlango huo aliufungua nyumba ikiwa inawaka: misamaha ya kodi ilikuwa imetolewa ovyo, wafadhili wamekasirika na kuzuia misaada, mtangulizi wake Profesa Kighoma Malima ameondolewa. Hakukaa hata mwaka mzima, na bajeti aliyoisoma ni moja, ya Juni 1995. Sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Mapato ni ya mwaka huo wa 1995. Mamlaka yenyewe ilianza kazi Julai 1996 yeye akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo wanaosema "Kikwete ndiye aliyeleta TRA" wanazidisha, na wanaosema hakufanya lolote Hazina wanapunguza.

Lakini uliniuliza kilichomkomaza, na jibu langu si wizara. Ni kura za CCM Dodoma, Julai 1995. Kikwete aliongoza raundi ya kwanza, mbele ya Benjamin Mkapa na mbele ya Cleopa Msuya aliyekuwa Waziri Mkuu. Msuya akatoka. Raundi ya pili, Mkapa kura 686, Kikwete 639. Kura 47, mzee wangu! Mtu wa miaka 44 ameugusa urais kwa ncha za vidole, umemponyoka mbele ya wajumbe wote. Sote tuliokuwa tukifuatilia tulijiuliza atafanya nini. Mwaka ule ule wapo waliohama chama kwa maudhi madogo kuliko hayo.

Hakuhama. Alimpongeza mshindi na akamfanyia kampeni. Mkapa alipounda serikali akampa Mambo ya Nje, na Kikwete akakaa hapo miaka 10 mfululizo chini ya mtu aliyemshinda. Wengine wanasema ni ujanja wa kungoja zamu. Mimi nasema kungoja miaka 10 bila kumhujumu bosi wako hakuwezi kuwa ujanja tu. Hapo ndipo ninapoiona ile kombati kuliko mahali pengine popote: umepewa amri, umepangiwa kituo, unakwenda na unafanya kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa nzito. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa Dar es Salaam na watu 11 wakafa, yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wakimbizi wa Burundi na Kongo walikuwa wamejaa Kigoma na Kagera, na mazungumzo ya amani ya Burundi yalikuwa yakiendelea Arusha, kwanza chini ya Mwalimu, na alipofariki Oktoba 1999, chini ya Mandela, hadi mkataba uliposainiwa Agosti 2000. Katikati ya hayo yote, Novemba 1999, Moi, Museveni na Mkapa wakatia saini Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imekufa tangu 1977. Novemba 2004 wakuu wa nchi za Maziwa Makuu wakakutana Dar es Salaam. Mara nyingi waziri wa nje hasifiwi kwa mambo hayo, maana picha wanapigwa marais. Lakini nyuma ya kila picha kuna mtu aliyesafiri usiku, akabembeleza, akarudi na kauli iliyokubalika pande zote. Miaka 10 ya hiyo ndiyo iliyomtengeneza. Mei 2005 chama kilipompa nafasi Dodoma, alikuwa si yule kijana wa 1995.

Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa umeniuliza niliyoyaona. Tarehe 21 Desemba 2005 nilikuwa Uwanja wa Taifa siku anaapishwa, nimesimama na wapiga picha, jua kali, shati limenigandia mgongoni. Baada ya kiapo lilipangwa gwaride. Mkuu wa Majeshi siku hiyo alikuwa Jenerali George Waitara. Mizinga ikapigwa, na njiwa wa paa la jukwaa wakaruka wote kwa pamoja. Kikwete alikuwa amevaa suti nyeusi, maana rais wetu havai sare. Lakini askari walipoanza kupita mbele yake nilimtazama miguuni, mazoea ya mtu aliyepita Mafinga, nikaona visigino vimebanwa na vidole vimefunguka kwa pembe ile ile tuliyofundishwa sote. Miaka 13 tangu arudishe kombati, na bado alisimama hivyo hadi kikosi cha mwisho kilipopita.